Mashine ya Kahawa Isiyotaka Kahawa Yetu

Wiki iliyopita nimegombana na watu watatu ninaowapenda, na chanzo ni kahawa. Ngoja nianze mwanzo, maana najua kuna watakaosema huyu naye kaanza tena.

Ofisi yetu iko hapa Ekerenyo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Tuko wanne: mimi mwandishi wa programu, kijana wa tovuti, mhasibu, na dada wa mapokezi ambaye kusema kweli ndiye anayeiendesha ofisi. Kazi yetu ni mifumo ya kompyuta ya shule na vyama vya ushirika: karo, hisa, mikopo, uzani wa majani ya chai, mambo kama hayo. Miaka yote tumekunywa chai ya maziwa kutoka hoteli ya jirani, thamosi mbili kwa siku, saa nne na saa kumi. Hakuna aliyewahi kulalamika. Halafu akaja mteja kutoka Nairobi, akapanda ngazi, akaketi, akafungua kipakatalishi chake na kuuliza: "Kahawa ipo?"

Haikuwepo. Dada akashuka mbio, akarudi na kipakiti kidogo cha ile kahawa ya unga ya kukoroga kwenye maji moto. Mteja akainywa kwa adabu. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi, na ng'ambo ya barabara mibuni ya watu ilikuwa imejaa cheri nyekundu hadi matawi yameinama. Mimi niliona aibu. Sijui wenzangu waliona nini, ila jioni ile mhasibu aliongeza mstari mpya kwenye bajeti: mashine ya kahawa.

Kufika Ijumaa tulikuwa na mapendekezo matatu mezani. Mhasibu alitaka ile mashine ya vikopo: unatumbukiza kikopo kidogo chenye kahawa, unabonyeza, kikombe kinajaa, unatupa kikopo. Kijana wa tovuti alitaka mashine iliyounganishwa na intaneti, unaiagiza kwa simu ukiwa bado kwenye matatu. Dada alisema nunueni chochote, mradi si yeye atakayekiosha. Wote watatu wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ni "mtu wa mitambo", wakingoja niwaambie ni ipi iliyo bora.

Nikawaambia ofisi ndogo haihitaji mashine ya kahawa. Kelele zilizofuata zilisikika hadi kwa muuza mbolea.

Sasa nieleze, maana siku ile sikupewa nafasi ya kumaliza sentensi hata moja.

Tuanze na vikopo, kwa kuwa ndivyo vinavyoniumiza. Umewahi kununua printa ya bei rahisi, ndugu msomaji? Kila mtu aliyewahi kufungua saiba anaijua hadithi hii. Printa unaipata kwa bei ya kurusha, unaipeleka nyumbani ukiimba, kisha wino unaisha na unagundua kwamba wino mpya unakaribia bei ya printa yenyewe. Ukijaribu wino wa kampuni nyingine, printa inagoma. Printa ilikuwa chambo, wino ndio ndoana. Mashine ya vikopo ni printa ile ile, imevaa nguo za mpishi.

Na wala sisemi kwa dhana. Mwaka 2014 kampuni ya Keurig ya Marekani ilitoa mashine yake mpya iliyoitwa 2.0. Ndani yake mliwekwa kijicho kinachosoma wino maalumu kwenye mfuniko wa kikopo. Kikopo kikiwa cha kampuni au cha mshirika wake, kahawa inatoka. Kikiwa cha mwingine, mashine inakataa. Fikiria hilo kidogo. Chombo umekinunua kwa fedha zako, kiko kwenye meza yako, kinatumia stima yako na maji yako, kisha kinakukatalia kuchemsha kahawa uliyoichagua wewe. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu, ni kufuli la haki miliki lile lile linalowekwa kwenye muziki na filamu, safari hii limehamia kwenye kinywaji. Watu wakaukejeli. Wengine wakakata kipande cha mfuniko halali, wakakibandika kwa gundi ya karatasi mbele ya kile kijicho, na mashine ikadanganyika. Mwaka uliofuata, 2015, mkuu wa kampuni mwenyewe alikiri hadharani kwamba walikosea walipowanyima watu ule uwezo wa kuweka kahawa yao. Mwaka huo huo John Sylvan, mtu aliyebuni vile vikopo, alimwambia mwandishi wa jarida moja la Marekani kwamba yeye nyumbani hana mashine hiyo, kwa kuwa ni ghali kuitumia. Mwenye duka hali mkate wa dukani kwake, halafu sisi tupange foleni?

Mhasibu wangu ni mtu wa tarakimu, kwa hiyo nilimchukulia kalamu. Kikopo kimoja huwa na gramu 5 hivi za kahawa, wakati mwingine 6. Kilo moja basi ni vikopo kama 180. Tuseme umekipata kikopo kwa shilingi 70. Sabini mara 180 ni shilingi 12,600 kwa kilo ya kahawa. Weka bei yoyote unayoijua wewe, jibu litakutisha vile vile. Sasa nenda upande wa pili wa hesabu, ambao hautajwi kamwe katika matangazo. Kilo moja ya kahawa safi, kabla haijakaangwa, hutokana na kilo 6 au 7 za cheri. Ikikaangwa hupoteza uzito, hivyo kilo moja ya kahawa iliyokaangwa imemeza cheri kilo 8 kwa makadirio. Tuseme mkulima amelipwa shilingi 80 kwa kilo ya cheri na mwaka huo ukawa mzuri kwake. Nane mara 80 ni 640. Shilingi 640 zinaingia shambani na 12,600 zinatoka mfukoni mwa ofisi. Zilizobaki katikati zimelipia usagishaji, meli, aluminiamu au plastiki, rangi, matangazo yenye mcheza sinema, na lile kufuli.

Mhasibu akasema, "Lakini mteja ataona tuko kisasa." Hiyo hoja niiheshimu, kwa sababu ni ya kweli kwa namna yake. Mteja anaona. Ila ataona nini hasa? Ataona ofisi iliyo katikati ya mashamba ya kahawa ikimpa kahawa iliyosafirishwa hadi ng'ambo, ikasagwa huko, ikafungwa kwenye kopo la bati na kurudishwa. Mimi nikiwa mteja ningejiuliza kama watu hawa wanaweza kuniandikia mfumo unaofanya kazi mahali nilipo, au nao wataniletea kikopo.

Haya, stima. Wanaouza mashine hizi huzungumza kana kwamba soketi ya ukutani ni kisima kisichokauka. Hapa kwetu mvua ikitishia tu, stima inaondoka kabla ya wingu kufika. Tuna UPS ya 650 VA, ambayo kwa wati halisi haifiki hata 400, na hizo ni za kompyuta. Mashine ya vikopo hutaka wati 1,200 hadi 1,500 inapopasha maji. Ukiichomeka kwenye UPS utasikia mlio mmoja tu, kisha kimya, pamoja na kazi yako ambayo hukuihifadhi. Kwa hiyo siku stima haipo, na zipo nyingi, una sanduku zuri la plastiki na vikopo visivyofunguka. Birika la stima nalo halitafanya kazi siku hiyo, ni kweli, lakini mbinu ya birika haina uaminifu kwa soketi: unaweka sufuria kwenye gesi, maji yanachemka, unaendelea.

Na tusidanganyane kuhusu matumizi. Lita moja ya maji ya bomba kuifikisha kwenye mchemko huku kwetu huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya yuniti ya stima, uichemshe kwa birika la sokoni au kwa mashine ya bei ya ng'ombe. Maji hayajui yamechemshwa na chombo cha shilingi ngapi. Tofauti inakuja baadaye. Mashine ya kudondosha yenye jagi la kioo hukaa na sahani ya moto chini yake ikila stima mchana kutwa, na papo hapo ikiipika kahawa hadi iwe na ladha ya mpira uliochomwa. Thamosi inaifanya kazi hiyo bila tokeni hata moja.

Mnamo hatua hii ya ugomvi ndipo binamu yangu aliyeko Minnesota alipoingilia kati. Minnesota ina Wagusii wengi, na habari za Ekerenyo huwafikia kabla hazijafika Nyamira mjini. Akasikia tunatafuta mashine, akasema yeye anayo moja ya vikopo haitumii, na mtu wake anasafiri Jumapili. Ningefanyaje? Ni zawadi, na ni ya ndugu. Ikafika ndani ya sanduku, imezungushiwa sweta, na vikopo 40 juu yake.

Chini ya mashine paliandikwa volti 120. Mimi niliisoma. Nikasema isiguswe mpaka tupate transfoma ya kushusha, na nikaeleza kwamba transfoma ya kubeba wati 1,500 si kitu cha kutia mfukoni, ni dude zito la bei. Nikatoka kwenda kwa mteja. Niliporudi ofisi ilikuwa na moshi na madirisha yote yamefunguliwa. Kijana wa tovuti alikuwa amepata adapta ya soketi, ile ya kubadilisha umbo la miguu tu, akadhani imebadilisha na volti. Kwa wasiojua hesabu yake: hita iliyotengenezwa kwa volti 120 ukiipa 240 haivuti nguvu mara mbili, inavuta mara nne. Hita ya wati 1,500 ikajaribu kuwa ya 6,000. Ilijaribu kwa sekunde chache. Simlaumu sana, ameshajilaumu vya kutosha, na fyuzi nimemwachia kama ukumbusho. Ila nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Sasa zile mashine za intaneti. Kijana wangu anadhani mimi ni mzee ninayeogopa maendeleo, na alinirushia jiwe hili: "Kwani si watu wa kompyuta ndio waliounganisha kahawa na mtandao kwanza?" Ndiyo. Na hadithi yenyewe inanipa mimi ushindi, si yeye. Mwaka 1991 kwenye maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kulikuwa na mashine moja ya kahawa ya kawaida kabisa ya kudondosha, katika chumba kilichoitwa Trojan Room. Watafiti waliokaa vyumba vya mbali walikuwa wakipanda ngazi na kukuta jagi tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaelekeza kamera kwenye jagi, wakaandika programu ya kuonyesha picha yake kwenye kompyuta za wenzao: picha ndogo ya rangi ya kijivu, nukta 128 kwa 128. Mwaka 1993 picha hiyo ikawekwa kwenye wavuti, na dunia nzima ikawa inachungulia jagi la kahawa la watu wasiowajua. Ilizimwa Agosti 2001, na jagi lile likauzwa kwa mnada kwenye eBay kwa zaidi ya pauni 3,300, likanunuliwa na jarida la Kijerumani, Spiegel, upande wake wa mtandaoni.

Tazama walichofanya hao werevu. Hawakununua mashine mpya, wala hawakuiguza ile ya zamani. Walitambua kwamba shida yao haikuwa namna kahawa inavyochemshwa, ilikuwa ni kujua kama ipo. Sisi kwetu tumelitatua hilo kwa bei nafuu zaidi: thamosi ikiwa tayari, dada anatuflashi. Simu ikiita mara moja na kukatika, kahawa ipo. Mtandao mzima umekamilika, na haugharimu hata senti.

Wanaopenda utani wa kazi yetu wanajua pia kwamba tarehe 1 Aprili 1998 Larry Masinter alichapisha waraka rasmi wa mtandao, namba 2324, unaoeleza itifaki ya kuendesha birika la kahawa kwa mbali. Ulikuwa mzaha wa siku ya wajinga. Ndani yake kuna jibu la hitilafu namba 418, ambalo chombo hulitoa kikiombwa kahawa: mimi ni buli la chai. Miaka imepita, mzaha ule umegeuka bidhaa na unauzwa kwa fedha halisi. Na mimi nikiwa mtu wa kazi hii nawaambia, programu iliyo ndani ya mashine hizo iliandikwa na mtu kama mimi, saa sita usiku, mkubwa wake akimhimiza. Siku kampuni itakapochoka kuilipia seva, simu yako itaagiza kahawa na hakuna atakayeisikia. Birika halina seva.

Lakini nisije nikaonekana nawaunga mkono wale wa upande mwingine. Kuna kundi jingine, mmewaona, wanaoamini kikombe cha kahawa ni upasuaji wa moyo. Mizani ya sehemu ya kumi ya gramu, birika lenye shingo ya korongo, kipimajoto, saa ya kuhesabu sekunde. Mmoja wao aliniambia kwa uso mkavu kwamba bila birika la kupimia nyuzijoto nitaiunguza kahawa, kwa maana maji yanatakiwa yawe kati ya digrii 90 na 96, na maji yanayochemka yana digrii 100.

Mia moja wapi? Mombasa, sawa. Huku milimani tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kila unapopanda mita 300 maji huchemka digrii moja mapema. Birika la kawaida likitokota hapa Ekerenyo maji yako kwenye digrii 94 au 95. Yaani birika la bei ya chini kabisa sokoni, lisilo na kitufe zaidi ya kimoja, linakupa kiwango kile kile ambacho wengine wanakilipia maelfu. Mlima umeshatupimia. Ukimwambia hivyo anabadilisha mada, anakuja kwenye shingo ya birika.

Wenzetu wa pwani hawajawahi kuhitaji mahubiri yote haya. Nenda Lamu au Mombasa jioni umwone muuza kahawa na birika lake la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo vinagongana mkononi, kahawa chungu, labda na tangawizi. Unguja pale Jaws Corner watu wanakunywa na kubishana siasa hadi usiku. Wahabeshi wana jebena yao ya udongo. Kule Bukoba Wahaya walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, hata kikombe hawakukihitaji. Katika hao wote sijamwona aliyeuliza mashine gani. Sisi tunaoilima ndio tumekosa namna ya kuinywa.

Na hilo lina historia yake, ambayo naona vijana wa ofisi yangu hawakufundishwa. Kahawa ililetwa Kenya na wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa, walioipanda Bura huko Taita mwaka 1893. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuilima, ilikuwa zao la walowezi. Ruhusa ilipoanza kutolewa katika miaka ya 1930, Kisii na Meru zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza, kwa masharti na kwa vishamba vidogo. Zao likaenea milimani hapa, na vyama vya ushirika, na viwanda vya kukobolea kando ya mito. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa inavuna zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko yakavunjika, bei zikaporomoka, na katika miaka iliyofuata mavuno yakaanguka hata chini ya nusu ya yale. Watu wakang'oa mibuni wakapanda chai na ndizi, sasa na parachichi. Katika miaka yote hiyo mkulima wa hapa alikuwa na kazi moja, kuchuma cheri, kuzipeleka kiwandani kwa punda au kichwani, na kungoja malipo. Kuionja hakukuwa sehemu ya mpango. Nyumbani alikunywa chai.

Kwa hiyo ninapokasirika kuhusu vikopo 40 vilivyotoka Minnesota, hasira yangu haikuanza juzi.

Ofisi imenunua nini basi? Birika la stima la lita moja na nusu, la kawaida. Kinu kidogo cha mkono cha kusagia. Thamosi ya lita mbili kwa kahawa tu, kwa sababu thamosi iliyowahi kukaa chai ya maziwa haisahau. Na mfuko wa kuchujia, ambao nilimpelekea fundi cherehani sokoni: kipande cha amerikani, umbo la soksi fupi, mdomoni waya wa kuushikilia. Alinishonea miwili huku akicheka. Uchemshe kwanza uondoe wanga wa kitambaa, la sivyo kahawa ya siku ya kwanza itanuka duka la nguo. Kipimo chetu ni gramu 60 kwa lita, ambazo ni vijiko vya mezani kumi hivi, usagaji wa kadiri kama chenga za sukari. Mimina maji kidogo, subiri ivimbe, mimina yaliyobaki polepole. Dakika nne au tano, imekwisha.

Kuosha ndiko kulikokuwa na hoja ya maana, na aliyeitoa ni dada. Chombo kile cha kioo chenye pistoni ya kusukumia kinatengeneza kahawa nzuri sana, lakini machicha yake hung'ang'ania chini na mtu ni lazima ayakwangue, na mtu huyo katika ofisi za Kenya siku zote ni mwanamke. Nilikuwa nakitaka mimi, nikakiacha kwa sababu hiyo. Mfuko wa amerikani unaugeuza nje ndani, machicha yanaangukia kwenye migomba nyuma ya jengo, unausuuza kwa maji bila sabuni na kuuanika. Zamu ni za wote wanne na zimeandikwa ukutani. Mhasibu ameruka zamu mara mbili, nataka ijulikane. Kama ofisi yako haina hata mtu mmoja wa kusuuza kitambaa, tumia karatasi za kuchujia, ni gharama kidogo. Mama mmoja wa Kijerumani, Melitta Bentz, alizibuni mwaka 1908 akianzia na karatasi ya daftari la mtoto wake, na hadi leo bado zinafanya kazi.

Kahawa yenyewe tunainunua kwa mkaangaji mwenye leseni, nzima haijasagwa, na tunauliza ilikaangwa lini. Asiyejua kuijibu hiyo, usinunue kwake.

Ila ya kwanza kabisa haikutoka huko. Mama yake yule kijana wa tovuti bado ana mibuni yake, ile ya zamani, SL28, wakati majirani wameshang'oa. Kijana alipomsimulia habari za moshi, omong'ina akatuma kimfuko cha mbuni, cheri zilizokaushwa na ganda lake, tuzitwange wenyewe. Tukatwanga kwa kinu. Tukakaanga kwenye sufuria juu ya gesi, tukikoroga bila kuacha, nusu ikaungua na nusu ikabaki kahawia. Siwezi kusema ilikuwa kahawa bora. Mbuni si daraja la juu, na sisi si wakaangaji. Lakini ilinukia hadi muuza mbolea akapanda ngazi kuuliza kuna nini.

Alhamisi omong'ina mwenyewe akaja na kijana wake, siku ya soko. Tulimpa kiti karibu na dirisha na kikombe. Akaonja, akaomba maziwa na sukari, vijiko vitatu, akanywa chote. Kisha akaniuliza huko Nairobi kikombe kama hiki kinauzwaje. Nikamwambia inategemea hoteli, mama, tuseme mia mbili. Akauliza kilo moja inatoa vikombe vingapi. Mia moja, kwa kipimo chetu. Akanyamaza akihesabu. Elfu ishirini. Akauliza na hiyo kilo inataka cheri kilo ngapi.

"Nane hivi, mama."

Akanitazama, akaitazama kompyuta yangu, ambayo anajua ndiyo tunayotumia kuandikia mifumo ya uzani ya vyama.

"Nane? Pima tena."

Nikarudia hesabu mbele yake, mara mbili, kwa karatasi, kwa kuwa kompyuta hakuitaka.

Vile vikopo 40 tulivikata kwa kisu kimoja kimoja, tukamwaga kahawa yake kwenye mfuko wa amerikani. Inanyweka. Mashine ya Minnesota bado ipo chini ya meza yangu: hita imeungua, tangi la maji na nyaya ni nzima. Anayetaka vipuri aje nayo aiondoe, bure, ila apige simu kwanza ajue kama stima ipo, ngazi zetu ni giza.